Hesabu za koperative ndani ya telefone: nani aone nini?



Tuseme ni mwezi wa tano, hapa kandokando ya Likasi. Mavuno yamekwisha, mifuko ya mahindi imepangwa ndani ya depo, na koperative inangojea mnunuzi mwenye bei nzuri. Gari linasimama mbele ya biro. Mnunuzi anashuka, anasalimia watu vizuri, kisha anamwambia prezida:

– Mama prezida, mimi najua muko na mifuko 640. Najua pia muko na deni ya mbolea ya dola 4200, na munapashwa kuilipa mbele ya tarehe 15 ya mwezi wa sita. Sasa munangojea nini tena? Bei yangu njo hii.

Mama prezida anabaki kimya. Hakuna mtu wa komite aliyemwambia mnunuzi maneno hayo. Hakuna daftari lililoibwa. Lakini wiki mbili zilizopita, sekretere alituma ndani ya grupe ya WhatsApp ya koperative kiungo cha hesabu, ile «lien» ambayo ukiigusa na kidole inafunguka. Alitaka wanachama wote waone kazi inavyoendelea. Nia yake ilikuwa nzuri. Mwanachama mmoja akamtumia shemeji yake, shemeji akamtumia rafiki yake wa soko, na kiungo kikafika kwa mnunuzi kabla hata mfuko mmoja haujatoka depo.

Kama mnunuzi yule anapunguza dola 2 tu kwa kila mfuko, kwa mifuko 640 koperative inapoteza dola 1280. Huu ni mfano, na namba hizi tumezitunga ili hesabu ieleweke. Lakini njia ambayo habari ilipitia hatukuitunga: grupe, shemeji, rafiki, soko. Kila mmoja wetu anaijua.

Katika gazeti hili tumekwisha kuzungumza juu ya namna ya kupima unyevu wa mahindi na namna ya kupanga mifuko depo. Leo tuzungumze juu ya hesabu zenyewe, zile ambazo siku hizi zinakaa ndani ya telefone na ordinatere: nani ana haki ya kuziona, nani ana haki ya kuzibadilisha, na namna gani ya kugawanya funguo bila kugombana.

Tablo ni nini, na hesabu zinapitia wapi

Zamani kulikuwa kaye moja tu. Sekretere aliiandika, prezida aliifunga ndani ya kabati. Mtu akitaka kuiona, alipashwa kuja biro, na wote walimwona akiisoma.

Leo mambo yamebadilika. Mwanachama analeta mahindi depo. Mpimaji anajaza fishe ndani ya telefone, mara nyingi na KoboToolbox: jina, kijiji, idadi ya mifuko, kilo, tarehe. Fishe hiyo inaenda kwenye jedwali kubwa, kwa mfano Excel au Google Sheets. Kutoka pale, programu nyingine, kama Power BI au Looker Studio, inageuza jedwali kuwa michoro na jumla: mahindi kiasi gani yameingia, kijiji gani kimeleta mingi, madeni yamebaki ngapi. Ukurasa huo wa michoro ndio tunauita tablo.

Basi kuna fasi tatu ambazo hesabu zinakaa: fishe, jedwali, na tablo. Kila fasi ina mlango wake na ufunguo wake. Watu wengi wanafunga mlango mmoja na kusahau ile miwili mingine. Wanalinda tablo, lakini jedwali nyuma yake liko wazi. Ni kama kuweka kufuli kubwa kwenye mlango wa mbele wa depo, na dirisha la nyuma halina hata kipande cha bati.

Hesabu zikitoka, nani anaumia?

Wa kwanza ni koperative yote, kwa sababu ya bei. Katika Haut-Katanga bei ya mahindi haitulii. Mahindi na unga mwingi unatoka Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Zambia ikizuia mahindi yake kutoka, bei kwetu inapanda. Mwaka 2024, ukame ulipoharibu mashamba kule hata serikali ya Zambia ikatangaza janga la taifa mwisho wa mwezi wa pili, wote tulisikia uzito wake kwenye bei ya bukari. Wakati kama huo, mkulima mwenye mahindi depo ana nguvu ya kungojea. Lakini mnunuzi akijua kwamba una deni la kulipa kesho kutwa, nguvu hiyo imekwisha.

Wa pili ni mwanachama mmoja mmoja. Jedwali likionyesha jina, namba ya telefone, na kiasi ambacho mtu atalipwa, mdanganyifu amepata kila kitu anachohitaji. Siku ya malipo anapiga simu, anajifanya wakala wa feza ya telefone, anataja jina lako na kiasi kamili, na wewe unamwamini juu anajua hesabu yako. Anaomba namba ya siri. Ukimpa, feza imekwenda.

Wa tatu ni nyumba. Deni la mjane, mifuko ya kijana ambayo hakumwambia kaka yake, feza ambayo mama ameiweka kwa ajili ya masomo ya watoto: mambo hayo yakisomwa na kijiji chote, koperative itavunja nyumba za watu badala ya kuzijenga. Na mtu aliyeaibishwa mara moja, mwaka unaofuata atauzia mahindi yake barabarani.

Wazee walisema: usimwage mtama kwenye kuku wengi. Mtama ukimwagika, kuuokota tena haiwezekani.

Basi, tufunge yote?

Hapana. Hilo ni kosa lingine, na pengine ni kubwa kuliko la kwanza.

Koperative ni mali ya wanachama. Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, ya tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010, inaweka kati ya misingi yake kwamba uongozi ni wa kidemokrasia na uko mikononi mwa wanachama. Sheria hiyo inataka pia kuwe na watu wa kuangalia wale wanaoongoza: tume ya uangalizi kwa koperative ndogo ya SCOOPS, baraza la uangalizi kwa koperative kubwa ya COOP-CA. Watu hao hawawezi kuangalia kitu ambacho hawakioni.

Wote tunajua koperative ambazo prezida na mtunza feza peke yao ndio walijua hesabu, na siku wanachama walipouliza, waliambiwa «hii ni siri ya biro». Mara nyingi siri ya biro ni shimo la biro. Mtu asitumie makala hii kusema: «Munaona? Hata gazeti limesema hesabu zifichwe.» Gazeti halikusema hivyo.

Kwa hiyo swali si «tufungue au tufunge?» Swali ni: nani aone nini, kwa kazi gani?

Ngazi tatu

Njia rahisi ya kulijibu ni kupanga hesabu zote kwenye ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni jumla, kwa wote. Kila mwanachama ana haki ya kujua mahindi yote yaliyoingia, yaliyouzwa, bei iliyopatikana, feza iliyoingia na iliyotoka, na jumla ya madeni ya koperative. Hapa hakuna majina. Angalia tu wakati. Idadi ya mifuko iliyobaki depo na tarehe ya kulipa deni, kabla ya kuuza, ni silaha ya mnunuzi. Komite inaweza kuzitaja kwa mdomo kwenye mkutano wa wanachama, na kuzitia kwenye tablo baada ya mauzo. Jambo hilo lisiamuliwe na sekretere peke yake: mkutano ukubali, na tarehe ya kufungua ijulikane, ili «baadaye» isigeuke «hapana kamwe».

Ngazi ya pili ni mstari wangu, kwangu. Kila mwanachama ana haki ya kuona mstari wake wote: mifuko yake, kilo zake, deni lake, malipo yake, hisa zake. Haki hiyo haihitaji kuomba kwa magoti. Lakini mstari wa jirani si wake.

Ngazi ya tatu ni mistari yote, kwa wenye kazi nayo. Mtunza feza hawezi kulipa watu bila kuona majina. Tume ya uangalizi haiwezi kuchunguza bila kuona kila mstari. Hawa wanaona yote, na ni wachache, na majina yao yanajulikana na wote.

Halafu, kuona ni kitu kimoja, kubadilisha ni kitu kingine. Tume ya uangalizi inaona yote lakini haibadilishi hata namba moja. Mpimaji wa depo anaandika fishe mpya lakini hana haja ya kusoma madeni. Agronomu anahitaji kujua mbegu gani ilipandwa fasi gani na mavuno yalikuwaje. Deni la mtu halimhusu. Prezida anaona, lakini si lazima awe na mkono wa kuandika. Wengi wanashangaa hapo: «Prezida asiandike?» Ndiyo. Prezida akiwa na ruhusa ya kuona tu, siku namba ikibadilika hakuna mtu atakayemshuku. Ni ulinzi wake mwenyewe.

Jambo moja dogo lakini muhimu: jumla nayo inaweza kumtoa mtu uchi. Tablo ikionyesha mavuno kwa kila kijiji, na kijiji fulani kina wanachama wawili tu, kila mmoja akitoa hesabu yake kwenye jumla anajua ya mwenzake. Kijiji chenye watu wachache, tuseme chini ya watano, kiunganishwe na kijiji jirani kwenye tablo.

Kiungo ni ufunguo

Sasa tuingie ndani ya telefone. Tukichukua Google Sheets, ukigusa «Partager» unaona njia mbili za kugawanya.

Njia ya kwanza: unaandika imeli ya kila mtu. Kama ufikio wa jumla umewekwa «Limité», ni watu hao tu wanaoweza kufungua. Mtu mwingine akipata kiungo, atakuta mlango umefungwa.

Njia ya pili: unaruhusu kila mtu mwenye kiungo. Hapo kiungo chenyewe ndicho ufunguo. Aliye nacho anaingia, bila kuulizwa jina, na wewe huwezi kujua ni nani. Kukituma ndani ya grupe ya watu 80 ni kuchonga funguo 80 na kuzitupa sokoni.

Ukimwita mtu kwa jina, Google inakuuliza umpe kazi gani. «Lecteur» anasoma tu. «Commentateur» anasoma na kuacha maoni. «Éditeur» anabadilisha, na kama hukumzuia ndani ya mipangilio, anaweza hata kuwaita watu wengine. Wape wengi «Lecteur». Zima pia ruhusa ya msomaji kupakua, kuchapa na kunakili. Hakuna kitu kinachomzuia mtu kupiga picha ya ekra yake, lakini kati ya picha moja na jedwali lote kuna tofauti kubwa.

Ndani ya KoboToolbox ruhusa zimegawanyika vizuri zaidi. Unaweza kumpa mpimaji ruhusa ya kutuma fishe tu, bila kuona zile zilizokwisha kutumwa. Unaweza kumpa msimamizi wa upande wa Kambove ruhusa ya kuona fishe zilizotumwa na wapimaji wake tu, na yule wa Lwisha aone za wapimaji wake. Hakikisha pia kwamba ile swichi ya kuruhusu watu wote waone data haikuwashwa.

Ndani ya Power BI kuna kitufe kimoja cha kuogopa: «Publier sur le web». Jina lake ni tamu, lakini maana yake ni kwamba mtu yeyote duniani mwenye kiungo anaweza kuona tablo bila neno la siri. Hicho ni cha ngazi ya kwanza tu, hesabu ambazo hata ungezibandika kwenye ukuta wa soko. Power BI inaweza pia kumwonyesha kila mtu mistari yake peke yake: unaandika kanuni kwamba msimamizi huyu aone kijiji hiki tu. Ni nzuri sana, lakini kanuni hiyo inawashika wasomaji tu. Uliyempa nguvu ya kutengeneza na kubadilisha tablo ndani ya fasi ya kazi, kanuni haimgusi, anaona yote.

Na ndani ya Looker Studio, uliza swali hili: tablo inasoma jedwali kwa ufunguo wa nani? Kama ni kwa ufunguo wa mwenye tablo, kila anayefungua tablo anaona kile ambacho mwenyewe ameruhusu, hata kama hana haki juu ya jedwali. Kama ni kwa ufunguo wa msomaji, asiye na haki kwenye jedwali hataona kitu.

Kuficha si kufunga

Watu wengi wanafanya hivi: jedwali lina kolona ya madeni, sekretere anaificha kolona, halafu anagawanya jedwali. Anaona haipo kwenye ekra yake, analala usingizi.

Kolona iliyofichwa bado ipo. Mwenye ruhusa ya kubadilisha anaifichua mara moja. Aliye na ruhusa ya kusoma na kunakili anatengeneza nakala yake, na ndani ya nakala yeye ndiye bwana. Ni hivyohivyo kwa Excel iliyotumwa kwa WhatsApp: ukurasa uliofichwa unasafiri pamoja na faili. Na tablo yenye kichujio cha kijiji haifungi kitu: msomaji anabadilisha kichujio na kuona kijiji kingine.

Dawa ni moja: habari ambayo mtu hapashwi kuiona isiwe kabisa ndani ya faili unayompa. Tengeneza jedwali la pili lenye jumla tu, bila majina, na tablo ya wote isome lile la pili.

Kosa la kuacha mlango wazi bila kujua si la wakulima peke yao. Mwezi wa nane 2021, kampuni ya usalama inayoitwa UpGuard ilitangaza kwamba habari milioni 38 za watu zilikuwa wazi kwenye intaneti, kutoka kwa mashirika 47, ndani yake kampuni kubwa na ofisi za serikali za Marekani. Kulikuwa na majina, namba za telefone, hata habari za chanjo. Hakuna mwizi aliyevunja kitu. Mashirika hayo yalitumia Power Apps ya Microsoft, na ruhusa za jedwali hazikuwashwa. Programu haikuziwasha yenyewe, na watu walidhani zimewashwa. Baadaye Microsoft ilibadilisha programu ili ruhusa ziwashwe tangu mwanzo.

Fundisho kwetu: usiamini kwamba mlango umefungwa, usukume. Chukua telefone ya mtu ambaye si mwanachama, fungua kiungo, na uangalie kama kinafunguka. Ni kazi ya dakika mbili.

Ufunguo mmoja, mtu mmoja

Katika biro nyingi kuna imeli moja na neno la siri moja, limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya ordinatere. Prezida, sekretere, mtunza feza, na kijana wa stage, wote wanaingia kwa jina hilo moja. Siku namba ya deni inabadilika kutoka 300 kuwa 30, nani alifanya? Google Sheets inaweka historia ya kila badiliko na jina la aliyelifanya, lakini kama wote wana jina moja, historia hiyo inasema tu «koperative». Mwenye haki na mwenye kosa wanakuwa sawa, na lawama inamwangukia aliye mnyonge.

Kwa hiyo kila mtu awe na imeli yake na neno lake la siri, hata kama wanatumia ordinatere moja. Na kila mtu atoke kabla ya mwenzake kuingia.

Tena, mtu anapoacha kazi, ufunguo wake unarudi siku ileile. Sekretere amehamia Kolwezi, stage imekwisha, mjumbe wa komite hakuchaguliwa tena: siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha kuagana, jina lake linatolewa kwenye fishe, kwenye jedwali, na kwenye tablo, fasi zote tatu. Si kwamba tunamshuku. Hata ufunguo wa depo tungeuomba.

Proje ikiisha, nani anabaki na nyumba?

Hili tunalisema juu yetu sisi wenyewe, mashirika ya msaada. Mara nyingi ni wakala wa proje aliyetengeneza jedwali na tablo, kwa imeli yake. Proje inaisha, wakala anaondoka, na hesabu za miaka mitatu za koperative zinabaki ndani ya akonti ya mtu ambaye yuko mji mwingine. Koperative imekuwa mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hatari ni ya kweli. Tangu mwezi wa kumi na mbili 2023, Google inaweza kufuta akonti ya mtu binafsi ambayo haikutumiwa kwa miaka miwili, na faili zake zinaenda nayo.

Kwa hiyo, kabla proje haijafungwa, daini mambo mawili. Kwanza, koperative iwe na akonti yake, na namba ya telefone ya kuirudisha iwe SIM ya koperative, si ya mtu. Pili, umiliki wa jedwali, wa tablo, na wa fishe za Kobo uhamishwe kwa akonti hiyo. Kwa Google, mwenye faili anaomba kuhamisha na akonti mpya inakubali. Mpaka ikubali, kitu hakijahama. Na shirika likitaka kuendelea kuona hesabu baada ya proje, liombe, na mkutano ujibu.

Wale wasio na telefone kubwa

Wanachama wengi wana telefone ndogo, au telefone haina moto kwa sababu umeme umekatika. Haki yao haipungui. Ngazi ya kwanza ichapwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni mwa depo kila mwisho wa mwezi. Ngazi ya pili iwe kipande cha karatasi, au mtunza feza amsomee mwanachama mstari wake, wao wawili tu, si mbele ya foleni nzima. Kusoma kwa sauti madeni ya watu mbele ya depo ni kutangaza habari kama kuituma kwenye grupe.

Kama hesabu zimekwisha kutoka

Usianze kwa kutafuta wa kumpiga. Anza kwa kufunga: rudisha ufikio kuwa «Limité», na kiungo cha zamani hakitafunguka tena kwa mgeni. Kama watu walikwisha kupakua faili, hiyo huwezi kuirudisha, kwa hiyo waambie wanachama ukweli siku ileile: kitu gani kilionekana, kwa muda gani. Waonye wasitoe namba ya siri kwa mtu yeyote atakayepiga simu, hata akitaja kiasi kamili. Kama bei au deni limejulikana, komite ikae kabla ya kukutana na mnunuzi mwingine.

Kumbuka pia kwamba habari za watu zina sheria. Sheria ya Code du numérique ya Kongo, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, ina sehemu inayolinda habari za mtu binafsi. Anayekusanya majina na namba za watu amechukua mzigo wa kuzitunza.

Daftari la funguo

Kazi hii haihitaji fundi kutoka Lubumbashi. Inahitaji kikao kimoja na kaye moja. Andikeni kolona tano: jina la mtu, kazi yake, kitu gani anaona, kitu gani anabadilisha, na tarehe ufunguo wake utakapoangaliwa tena. Mkutano ukubali, maneno yaingie ndani ya PV, na kila miezi mitatu tume ya uangalizi ilinganishe daftari hilo na majina yaliyo ndani ya programu. Jina lililo ndani ya programu na haliko kwenye daftari, litoke. Jina la mwenye haki ambaye amefungiwa, liingie.

Tuseme koperative ya mfano wetu ilifanya kazi hiyo. Mwaka unaofuata gari la mnunuzi linasimama tena mbele ya biro.

– Mama prezida, mwaka huu muko na mifuko ngapi?

– Iko ya kutosha, papa. Sema kwanza bei yako.